Adabu ya Ghafla ya Mtani Wangu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu anasema nimeanza tabia hii baada ya kustaafu ualimu, lakini si kweli. Nilikuwa hivi tangu zamani, ila zamani nilikuwa na darasa zima la kushuku na sasa nimebaki na majirani. Nikimwona mtu amebeba mfuko mweusi nataka kujua una nini ndani. Muuza maziwa akinisalimia salamu ndefu kuliko kawaida, nayachungulia maziwa mara mbili. Kwa hiyo asishangae mtu nikisema kwamba jambo lililonitisha kuliko yote katika uzee wangu ni mwenzangu mmoja kuniuliza kwa upole, "Umeamkaje?"

Mwenzangu huyo ni mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi wa hapa hapa Tabora, naishi Cheyo. Yeye ni Mgogo, anaishi Mtendeni, ana kibanda cha vipuri vya baiskeli, na mbele ya kibanda kuna benchi ambalo wazee hunywea kahawa asubuhi. Utani wetu tumeukuta, hatukuuanzisha sisi. Babu zangu walipita Ugogo na misafara, wamejitwika mizigo ya kwenda pwani, na babu zake waliwazuia kisimani mpaka walipie maji. Waligombana, wakazoeana, mwisho wakawaachia wajukuu ruhusa ya kutukanana bila kununa.

Ruhusa yenyewe ni kubwa. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akafunua sufuria akala nyama akaacha mchuzi. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja msibani amevaa koti la marehemu, anamwiga alivyokuwa akitembea, analala kaburini kabla ya mwenye kaburi na kudai pameshachukuliwa. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilishaambiwa mara nyingi, mbele ya watu, kwamba siku yangu ikifika atasimama juu ya udongo wangu aeleze nilivyo bahili, nilivyokuwa nakoroma kanisani, na nilivyoshindwa kuogelea kwenye bwawa ambalo mbuzi walikuwa wanavuka. Nilikuwa namjibu kwamba hatapata nafasi hiyo kwa sababu nitamzika mimi, tena kwa maji machache, kama kwao walivyozoea.

Watu huwa wanadhani kutukana ni kazi rahisi. Matusi ya kitoto ni rahisi, ndiyo. Lakini utani wa wazee una ufundi wake. Haufai kurudiwarudiwa, haufai kuumiza, na lazima uwe na ukweli kidogo ndani yake ili uchome. Asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu huku natunga. Kuna siku nilijikata kidevu kwa kucheka tusi langu mwenyewe kabla sijalifikisha Mtendeni. Yeye naye nilijua anatunga, maana alikuwa ananiona kwa mbali na mdomo unaanza kumcheza. "Mpagazi huyoo!" atapiga kelele. "Mzigo umeuacha wapi leo, au umekuwa wewe mwenyewe?" Nami nitakuwa na jibu langu mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yangu kwa miaka mingi kiasi kwamba siwezi kuikumbuka asubuhi ya namna nyingine.

Na uzee ulitusaidia sana. Mtu akizeeka hana haja ya kuvumbua upuuzi, unamjia wenyewe nyumbani. Nimewahi kupaka dawa ya meno kichwani nikidhani ni mafuta, nikaenda nayo sokoni. Nimewahi kusimama kusoma somo kanisani nimevaa miwani ya mke wangu, nikasoma mstari ambao haumo katika Biblia yoyote. Yeye aliwahi kumkemea mteja dakika nzima, kumbe analikemea koti lake lililotundikwa msumarini. Kila mkasa ulikuwa unafika benchini kabla ya mwenyewe. Nilikuwa nikiangusha kitu nyumbani nasema moyoni, haya, huyu Mgogo amepata chakula.

Basi mwaka huu, baada ya mavuno, nikaunda mashine. Nimechoka kupukuchua mahindi kwa vidole, vidole vyangu havitaki tena. Nikachukua baiskeli mbovu, nikaipindua, nikafunga kwenye gurudumu la nyuma vipande vya bati vyenye meno, nikatengeneza mdomo wa ubao wa kuingizia mahindi. Unazungusha pedali kwa mkono, gurudumu linazunguka, punje zinaanguka kwenye ndoo. Mke wangu alisimama mbali. Alisema, "Mzee, hiyo kitu ina hasira." Nikamwambia asiniharibie bahati. Mwanzoni punje zilianguka vizuri. Nilipoongeza mwendo, punje zikaruka hadi bati la jirani, kuku wakakimbia, na gunzi moja likatoka kwa kasi likanipiga katikati ya paji la uso. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nipo chini naangalia mawingu, na mke wangu anauliza kama namjua yeye ni nani.

Hospitali walinipima damu, mkojo na presha, wakaniambia kichwa hakina neno ila majibu mengine nirudi kuyafuata. Nilitoka na plasta kubwa usoni. Njia nzima nilikuwa sifikirii maumivu. Nilikuwa nafikiria benchi. Mzee mzima, mwalimu, kuangushwa na gunzi! Nilijua huyu mtu angekula mkasa huo mpaka Krismasi. Nikaandaa majibu matatu ya kujikinga, nikaenda Mtendeni kesho yake nimekaza uso.

Alinyanyuka. Hapo hapo nikashuku, maana hajawahi kuninyanyukia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mwalimu," akasema. "Umeamkaje? Mama hajambo? Watoto hawajambo?" Kisha akamwambia muuza kahawa anipe kikombe safi.

Nilisubiri. Nilidhani anavuta pumzi ili anipige vizuri. Nikanywa kahawa hadi kikombe kikaisha, na wazee wengine wakawa wanatuangalia kwa zamu. Hakusema neno juu ya gunzi. Aliongea habari za mvua. Nilipoondoka akanisindikiza hadi barabarani, akaniambia nitazame pikipiki.

Nilifika nyumbani nikaanza kupiga hesabu. Kuna kitu huyu mtu anakijua, nilisema. Mtani hamwachi mtani bila sababu. Hatuachi hata msibani. Tunaacha pale tu mtu anapokuwa kitandani hoi, wakati ambapo hata mzaha unakuwa mzito kwake. Kwa maneno mengine, alikuwa ameshaniona kitandani. Na angejuaje kama hakuambiwa? Hospitali nilikwenda na mke wangu. Mke wangu anaongea na mke wake. Nikaiona njia yote ya habari ile, tangu kwa daktari hadi benchini, na mimi mwenye mwili nimerukwa.

Kuanzia hapo nikafungua macho. Mke wangu alikuwa akiongea na simu nyuma ya nyumba, nikitokea anasema, "Haya, tutaongea." Binti yetu wa mwisho, anayefundisha Choma, huko Igunga, alikuja katikati ya juma bila likizo. Nilipomuuliza amefuata nini, akasema amenikumbuka. Huyu mtoto hajawahi kunikumbuka siku za kazi. Alinitazama kwa macho ya huruma, akaninunulia shati. Halafu mama yake akaleta fundi kupaka rangi sebule ambayo nilikuwa nimeomba ipakwe tangu zamani nikaambiwa tusubiri. Vikombe vipya vikaja. Viti vikaazimwa kanisani, vikapangwa chumba cha nyuma na kufunikwa shuka. Niliinua shuka, nikavitazama, nikalirudisha. Mtu haazimi viti vingi hivyo kwa ajili ya chai.

Kilichonimaliza ni ziara ya mtani mwenyewe. Alikuja Cheyo jioni, amevaa shati la mikono mirefu, akabisha hodi. Hodi! Mtu aliyekuwa anaingia kwangu kupitia dirisha la jiko. Alikaa ukingoni mwa kiti, akala kidogo, akashukuru. Wakati wa kuondoka akasimama uwanjani akautazama mwisho hadi mwisho, akapiga hatua kadhaa kutoka ukutani hadi kwenye mpapai. "Uwanja huu unatosha watu wengi," akamwambia mke wangu kwa sauti ya chini. "Turubai mbili zinaingia." Mke wangu akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa mlangoni nawasikiliza wanavyonipangia msiba nikiwa nimesimama kwa miguu yangu.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Nilikuwa nimezoea kuongea juu ya kifo changu kila asubuhi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kukicheka. Alipoacha kukicheka, kikawa kifo kweli. Nilirudi hospitali peke yangu kufuata majibu. Daktari, kijana mpole, akaniambia nipunguze chumvi na nisiunde mashine nyingine. "Hilo tu?" nikamuuliza. "Hilo tu, mzee wangu." Nikamwangalia usoni kwa muda mrefu. Naye alikuwa mpole mno. Nikajua wamempanga.

Nikabakiwa na njia moja ya kupata ukweli. Nilijifungia chumbani nikatunga tusi. Siwezi kuliandika hapa lote, lakini lilianzia kwa babu yake kisimani, likapita kwenye koti alilolikemea, likaishia kwenye masikio yake, ambayo kwa kweli ni makubwa. Lilikuwa tusi ambalo hakuna Mgogo mzima angelipitisha bila kulijibu. Kama mtu huyu bado ni mtani wangu, nilisema, atajibu. Asipojibu, basi nianze kuaga.

Nililitoa benchini, wazee wote wakiwepo. Muuza kahawa alimwaga kahawa kwa kucheka. Mtu mmoja alijishika mbavu akalia. Nikamtazama mtani wangu. Mdomo ulimcheza, nilikiona kile kijibu kikipanda kutoka kifuani, nikakiona kimefika kwenye meno. Akakimeza. Machozi yakamlengalenga. "Nakutakia siku njema, mwalimu," akasema, akaingia ndani ya kibanda akaanza kupanga spoku.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu anachambua mchele. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Nikamwambia nimeshajua yote, asipate tabu ya kuficha. Nikamwambia nizikwe huku mjini, nisipelekwe kijijini, barabara ni mbaya watu watachoka. Nikamwambia baiskeli ya mashine apewe mtu mwenye akili. Aliniangalia, ungo umetulia mapajani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, akacheka amekaa chini, akajifuta macho na khanga akaanza upya.

"Mzee, hufi," alisema alipoweza. "Jumamosi uoge mapema, uvae lile shati. Kuna wageni. Mengine siruhusiwi kusema kabla ya mwenye kusema hajafika."

Jumamosi akaja mshenga, mzee mmoja wa kanisani mwenye sauti ya kuvuta, pamoja na mama mmoja wa upande huo. Alizunguka sana kama wanavyozunguka washenga, lakini mwisho alifika. Kuna kijana, afisa mifugo, yuko Choma. Amemwona binti yetu anayefundisha huko. Wamependana, wameambiana, na kijana amemwambia baba yake atume watu. Nikauliza baba mwenyewe ni nani. Mshenga akamtaja mtani wangu.

Kwanza nilisikia furaha ambayo sitaieleza vizuri. Sifi! Viti ni vya harusi, turubai ni za harusi, shati ni la harusi. Nilicheka, wageni wakafurahi, wakadhani nimempenda kijana. Nikafikiri jinsi nitakavyokwenda Mtendeni kesho yake kumwambia yule Mgogo kwamba ameshindwa kunizika, na kwamba masikio yake sasa yataingia katika ukoo wangu na wajukuu watayumbishwa na upepo. Nilikuwa naipanga sentensi hiyo mshenga akiendelea kuongea. Ndipo nikaelewa kwamba sitaisema.

Kwetu mkwe hataniwi. Kwao vilevile. Watani wa kabila wanaweza kuoana, na wanaoana, lakini wazazi wa pande mbili wakishaunganishwa na watoto, utani unawekwa chini. Mnasalimiana, mnakaa mbalimbali kidogo, mnaongea habari za mvua. Hamfunuliani sufuria. Na siku mmoja akifa, mwenzake hakanyagi kaburini kuigiza. Anakaa kwenye kiti upande wa wakwe, amenyamaza, anasubiri kuletewa chakula. Mtani wangu alikuwa amelijua hilo tangu siku kijana wake alipomwambia. Hakuweza kuniambia kabla ya mshenga, na hakutaka kuendelea kumtukana mtu ambaye kesho atakuwa mkwe wake. Akaanza adabu mapema, peke yake, na mimi nikamrushia tusi lile mbele ya watu.

Binti yangu aliniona usoni. Wageni walipotoka nje kidogo alikuja akachuchumaa karibu na kiti changu. "Baba, siku hizi watu hawajali sana mambo hayo," akasema. "Nyie endeleeni tu na utani wenu. Nani atawakataza?"

"Yeye anajali," nikamwambia. "Ameshaanza."

"Kwa hiyo utakataa?"

Nilimtazama. Nakiri kwamba katika kichwa changu cha kushuku lilipita wazo kwamba yule mtu amelea kijana miaka yote hiyo na kumpeleka Choma makusudi, ili apate kunishinda mara moja kwa daima bila mimi kujibu. Wazo hilo nililipenda kwa sababu lilikuwa la utani, na sikuwa na wa kumwambia. Nikamwambia binti awaite wageni. Nikawaambia tumekubali. Mama yake alipiga vigelegele, majirani wakaitikia, na mimi nikaomba maji ya kunywa.

Mambo ya mahari yalizungumzwa kwa amani, na siku moja baada ya hapo mkwe wangu alikuja rasmi na mke wake. Walivua viatu mlangoni. Tulikaa sebuleni penye rangi mpya, yeye kiti kile, mimi kiti hiki, meza katikati. Nilimkaribisha chai. Alisema chai ni nzuri. Nilimuuliza biashara ya vipuri, akasema anamshukuru Mungu. Nilijua kila kitu kinachopita kichwani mwake, naye alijua changu, na tukatazama vikombe. Wake zetu waliongea kwa furaha, wao hawakupoteza kitu. Kwa kweli walikuwa wameongeza.

Alipoondoka nilimsindikiza pekupeku hadi langoni. Nikageuka kurudi, nikaona mlangoni limebaki kubazi moja la kwake na moja la kwangu. Mgeni alikuwa ameondoka amevaa mguu mmoja wake, mguu mmoja wangu. Yangu ni meusi, yake ni ya rangi ya udongo, na langu linamzidi kwa kisigino kizima. Nilikimbilia langoni. Alikuwa anakwenda barabarani pole pole, kubazi langu linapiga vumbi, mke wake mbele. Aligeuka mara moja akanitazama, akaendelea.

Mzee hukosea viatu, nalijua hilo mimi kuliko wote. Lakini nilishuku, na safari hii nilishuku kwa furaha. Mtani ndiye anayeondoka na kitu chako ili umfuate kukigombania. Nikasema moyoni, huyu amepata mlango wa nyuma. Hawezi kunitukana, basi ameniibia. Nikalichukua kubazi lake nikalitundika sebuleni kwenye msumari juu ya kiti changu, kama mateka. Mke wangu akauliza ni uchafu gani huo ukutani, nikamwambia asiliguse. Nikakaa chini yake nikaanza kutunga. Nilitunga jioni ile yote, nikatunga asubuhi nikinyoa. Maneno yalikuja yenyewe, mazuri, mapya, nilikuwa sijapata kutunga vile tangu ujana. Nikavaa nikakaa barazani namsubiri.

Alikuja mke wake. Alikuwa na mfuko mkononi. Kubazi langu lilikuwa ndani, limefutwa vumbi, limepakwa dawa ya viatu, na mkanda uliokuwa umefumuka siku nyingi umeshonwa kwa uzi mpya.

"Mkwe wako anaomba radhi sana," alisema. "Amesema alichanganya, na hakulala vizuri kwa aibu."

"Hakusema kingine?"

"Hapana. Radhi tu."

Niliingia ndani nikalitoa kubazi lake kwenye msumari. Nililifuta kwa kitambaa, nikalifunga kwenye gazeti, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwambie mkwe," nikasema, "hakuna tatizo kabisa."